Figo Zangu na Makande ya Mama Fides

Bagara, Babati

Mdogo wangu Leokadia,

Shikamoo yako nimeikuta ndani ya barua, na marahaba ninaitanguliza hapa kabla ya jambo lingine lolote. Je, mvua zimefika huko Mbinga? Kahawa imechanua? Mguu wa shemeji yangu umepona tangu alipoteleza kwenye mashimo ya ngoro mlimani, au bado anautumia kama sababu ya kutokwenda shambani? Sisi huku tuko salama. Mimi ni mzima kwa kiasi nitakachokieleza, na mke wangu Mama Fides ni mzima kupita kiasi: jana asubuhi alibishana na muuza mkaa mpaka muuza mkaa akaomba maji ya kunywa.

Umeniuliza swali moja tu, nawe umelipigia mstari: je, nitakuja kwenye harusi ya Skolastika au sitakuja? Umeniambia kwamba mtoto ameapa kukaa chumbani na shela yake mpaka mjomba aje kumtoa mlangoni kama desturi yetu inavyotaka, na kwamba hataki kutolewa na mjomba wa kuazima. Jibu limo katika barua hii. Tafadhali usiruke kurasa kulitafuta. Tangu darasa la pili ulikuwa na tabia ya kuanzia nyuma ya kitabu, kwenye majibu, na ndiyo maana hesabu zilikushinda.

Kwanza nataka uelewe ninachougua, kwa sababu naona huko mmeambiwa mambo mawili yasiyopatana. Wengine wamesema figo zangu zimekufa, na wengine wamesema sina ugonjwa wowote ila uzee na vumbi la Babati. Vumbi lipo, tena la kutosha, lakini pande zote mbili zimekosea.

Mwaka jana miguu yangu ilianza kuvimba jioni. Asubuhi viatu vilinitosha, na jua likizama nilirudi nyumbani nimevishika mkononi. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni. Nilichoka kabla ya kazi, si baada yake. Nikadhani ni umri. Mama Fides akasema umri hautoi povu, akanipeleka hospitali ya hapa mjini, akaketi nje kwenye benchi pamoja na wake wengine, nami nikaingia.

Daktari wetu ni mama mmoja mfupi anayeitwa Restituta. Akinyamaza humwoni nyuma ya meza. Akisema, korido nzima hunyoosha mgongo. Alinipima shinikizo la damu, ambalo huku kila mtu huliita presha, akatikisa kichwa, akahamia mkono wa pili kana kwamba wa kwanza ulikuwa umesema uongo. Mikono yote miwili ilisema neno lile lile. Damu ikapimwa, mkojo ukapimwa, na majibu yalipotoka akaniambia kwamba nina ugonjwa sugu wa figo. Alisema nimekaa na presha kwa miaka mingi bila kujua, na presha hiyo ndiyo iliyozila figo polepole.

Sasa hapa ndipo lilipoanza jambo ambalo sikulitarajia. Mkoa wetu ukiwa bado mpya, kila kitu huletwa kujifunzia kwetu: magari ya kupima barabara, makarani wapya, na sasa wanafunzi wa udaktari. Wawili walikuja kukaa hospitalini hapa kwa mafunzo ya vitendo. Daktari Restituta aliponiona nimemsahihisha mhudumu wa mapokezi (alikuwa ameniita "mgonjwa mpya" ilhali nimetimiza miaka sitini na mitano), akaniuliza kazi yangu ya zamani. Nilipomwambia kwamba nimefundisha Kiswahili na kumalizia katika ofisi ya elimu, akatabasamu.

Alisema wanafunzi wake wanaujua ugonjwa wa figo kuliko anavyoujua yeye, lakini hawawezi kumweleza mwenye figo. Akaniomba kila siku ya kliniki niketi nao, wanieleze ugonjwa wangu kwa maneno ninayoyaelewa, mpaka niridhike. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba nitatoa alama. Daktari alicheka. Mimi sikuwa ninatania.

Wa kwanza alikuwa Elibariki, kijana mrefu, mtoto wa wakulima wa nyanda za Mbulu, viatu vyake vimepigwa rangi hata siku ya matope. Alisimama, akafunga mikono nyuma, akaanza kunieleza. Katika kila maneno matano, matatu yalikuwa ya Kiingereza. Nikamwambia aketi, apumue, aanze upya. Akasema, kwa heshima, kwamba mambo hayo hayana Kiswahili.

"Kiswahili kipo," nikamwambia. "Wewe ndiye hujapita mlangoni kwake. Rudi juma lijalo."

Alama yake ya siku ile sitakuandikia, kwa kuwa kijana ana mama.

Wa pili ni binti wa Shinyanga, Zawadi, mwenye kicheko cha kuamsha wodi. Huyu hakuanza kwa kueleza. Alianza kwa kuniuliza. Akataka kujua, nilipofika Babati mkoa ulipoanzishwa, ofisi yetu ya elimu ilikuwa na makarani wangapi. Nikamweleza kwamba walikuwa wachache, nao wakazidi kupungua: mmoja alihamishwa, mwingine aliugua, mwingine akaacha kazi akaenda Mererani kutafuta madini, na mpaka leo anayatafuta. Akauliza kama barua zilikwama. Nikasema hapana, hazikukwama, maana waliobaki walizibeba kazi za walioondoka, na wakubwa walipopita kukagua waliona ofisi safi. Mpaka waliobaki nao walipoanza kuanguka kwa uchovu, ndipo siku moja tulipokuta barua zimejaa sakafuni.

"Hizo ndizo figo zako, Mwalimu," akasema. "Ndani yake kuna vichujio vidogo mno, vingi mno. Vikifa baadhi, vilivyobaki hubeba mzigo, na mwenye mwili hasikii lolote. Siku viatu vilipokukataa, makarani wengi walikuwa wamekwisha kuondoka."

Leokadia, nimesikiliza walimu wengi, lakini somo lile lilinikaa. Nilimpa alama za juu, nikampunguzia moja kwa kuwa alikuwa akitafuna bigijii.

Tangu siku ile niliwasubiri kwa hamu, nikajifunza mambo ambayo sasa ninakufundisha wewe. Sisi tulidhani figo ni za kutengeneza mkojo basi. Kumbe zina kazi nyingi, na kila kazi ikilegea huleta tatizo lake. Zinaposhindwa kuondoa taka, taka hubaki katika damu, mtu akawashwa mwili mzima, akachukia chakula, akatapika. Zinaposhindwa kupanga maji na chumvi, miguu huvimba, kisha uso, na mwisho maji hufika mapafuni, mtu asiweze kulala chali. Figo pia ndizo hutuma amri ya kutengeneza damu. Amri isipofika, mtu hupauka na kuchoka kama nilivyochoka mimi. Hata mifupa huzitegemea. Yako pia madini yaliyomo katika ndizi, viazi na maharage, ambayo ni mazuri kwako na kwangu, lakini figo zikichoka sana hujilimbikiza katika damu na kuuvuruga mwendo wa moyo. Na moyo, alisema Elibariki siku aliyorudi amejiandaa, ndio huumia wa kwanza. Wagonjwa wengi wa figo huondolewa na moyo kabla figo zenyewe hazijamalizika.

Kuhusu presha, wao wenyewe walibishana mbele yangu nani aeleze. Presha huziharibu figo, na figo zilizoharibika hupandisha presha. Kila mmoja humvuta mwenzake shimoni, kama ng'ombe wawili wenye nira moja. Ndiyo maana dawa kubwa ni kuishusha presha. Vichujio vilivyokufa havifufuki, na anayewaambia kwamba ana mzizi wa kuvifufua anataka kuku wenu. Kinachowezekana ni kuwapunguzia mzigo waliobaki: vidonge kila siku bila kukosa, kuacha dawa za maumivu za kujinunulia dukani, na kuacha chumvi.

Hapo kwenye chumvi ndipo tulipokwama.

Unanijua. Nikiambiwa acha, ninaacha. Siku ile ile kopo la chumvi liliondoka mezani, na sikuongeza hata chembe katika chakula tena. Vidonge nilivimeza kwa saa. Lakini kila kliniki presha ilikuwa pale pale, na mara moja ilipanda zaidi. Daktari akaongeza kidonge cha pili, kisha cha tatu. Miguu ikaendelea kuvimba. Siku moja Daktari akaweka kalamu chini akaniuliza, kwa upole uliopita kiasi, kama ni kweli ninakunywa dawa. Nilitaka kuondoka. Nimesimamia mitihani ya Serikali kwa miaka mingi, na sijawahi kuulizwa kama ninasema kweli.

Barua yako ya harusi ilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Nikamwonyesha, nikamwambia kwamba lazima nisafiri kwenda Mbinga. Akakataa. Alisema kwamba siku tatu za basi, miguu ikining'inia, na presha kama ile, ni kutafuta kiharusi au maji mapafuni njiani. Na kama kliniki inayofuata ingenikuta vile vile, angenipeleka hospitali kubwa, mbali, nilazwe huko. Nikamweleza habari ya mjomba na mlango. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Harusi ina mjomba mmoja, Mwalimu. Nami ninataka mjomba huyo awe anarudi."

Ndiyo sababu sikukujibu mapema. Sikuwa na jibu, na Mama Fides hakuniruhusu nikuandikie "sitakuja". Alisema neno hilo likishaandikwa halifutiki.

Basi katika masomo ya wale vijana ilikuwamo kazi ya kumtembelea mgonjwa nyumbani kwake. Walinichagua mimi. Walikuja Jumamosi mchana kwa miguu kutoka sokoni, na viatu vya Elibariki kwa mara ya kwanza vilikuwa na rangi ya Bagara. Mama Fides alikuwa ameshughulika tangu asubuhi. Hawezi kumpokea mgeni kwa chai tupu, na mgeni anayesomea udaktari ndiyo kabisa. Aliwapikia makande.

Ni lazima nikueleze makande ya Mama Fides, kwa sababu wewe ulituona zamani tukiyapika kwa kuni kutwa nzima na bado maharage yanagonga meno. Tulipohamia hapa, jirani yetu Mama Tluway, mwenyeji, alimfundisha mke wangu kutumia magadi. Ni mawe meupe yanayotoka kwenye maziwa ya huku yaliyokauka. Huuzwa sokoni kwa mafungu. Unaponda kidogo, unatia chunguni, na mahindi na maharage hulainika upesi kama yaliyoombewa. Kila nyumba hutumia. Mkaa hupungua, na chakula hupata ladha fulani ya kupendeza.

Zawadi alikula sahani mbili. Kabla ya ya tatu akauliza, kwa uroho tu na si kwa uganga, namna makande yale yalivyolainishwa, maana anataka kumwandikia mama yake. Mama Fides akafurahi. Akaketi vizuri.

"Mwanangu, siri yake ni magadi," akasema. "Tena tangu mlipomkataza Baba Fides chumvi nimeyaongeza, asije akakichukia chakula."

Kijiko cha Elibariki kikasimama kati ya sahani na mdomo. Mimi nilidhani amekuta jiwe. Akakirudisha polepole, akamtazama Zawadi, na Zawadi naye akaacha kutafuna.

Elibariki alisema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba kwao Mbulu amekula magadi tangu alipoachishwa ziwa, na kwamba hata siku moja hayakumpita akilini. Kisha akaeleza, na safari hii hakutafuta neno. Alisema kinachodhuru si ule ukali ambao ulimi unauonja. Ndani ya chumvi kuna kitu kinachoshika maji mwilini na kupandisha presha, nacho kinaitwa sodiamu. Magadi yamejaa kitu hicho hicho. "Chumvi na magadi ni watoto wa baba mmoja, Mama," akasema. "Mmoja ana kelele, mwingine ni mkimya."

Mama Fides akaweka mikono juu ya mapaja. Nje kuku wa Mama Tluway walikuwa wakiparua taka zetu, na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Aliyemjibu ni Zawadi. Alihama kiti chake akaenda kuketi karibu naye.

"Si wewe, Mama. Sisi tulimwuliza anayekula, tukamwacha anayepika nje kwenye benchi."

Na ni kweli, Leokadia. Kila kliniki Mama Fides alinifikisha mlangoni akabaki nje, kwa sababu ndivyo wake wote wanavyofanya hapa, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Nami nimelelewa na baba yako na wangu, aliyetufundisha kwamba mwanamume mwenye adabu hachungulii chungu. Kwa hiyo waliponiuliza kama ninatumia chumvi, nilijibu kwamba situmii, na jibu lilikuwa sahihi. Waliohitaji kulijua jambo lenyewe hawakumwuliza alijuaye, na aliyelijua hakuwa na habari kwamba ni jambo.

Mama Fides akainuka, akachukua fungu la magadi kutoka jikoni, akaliweka mlangoni. Akasema kuanzia kliniki ijayo yeye ataingia ndani. Halafu akamgeukia Zawadi aliyekuwa akiitazama sahani yake ya tatu kwa huzuni.

"Na hayo utayamaliza, au nayo yamekuwa ugonjwa?"

Zawadi akasema figo zake bado changa na presha yake ameipima juzi, akamaliza.

Jioni ile magadi yalipelekwa kwa Mama Tluway. Alipoelezwa sababu alikasirika, akasema bibi yake amekula magadi mpaka akawazika madaktari wawili. Mke wangu akamjibu kwamba bibi yake alikuwa na figo zake mwenyewe, ila yeye anapikia za Mwalimu. Hawakuamkiana siku kadhaa. Sasa wanaamkiana, na nimemwona Mama Tluway naye akiloweka maharage, ingawa anasema ni kwa ajili ya kupunguza mkaa.

Kuloweka ndiko tulikofundishwa. Maharage na mahindi hulala majini usiku kucha, asubuhi maji humwagwa, yakatiwa mengine, kisha huchemshwa kwa muda mrefu kwa moto wa taratibu. Kwa ladha hutiwa limau, tangawizi na kitunguu saumu. Ndiyo maana mkaa wetu umeongezeka, na ndiyo maana muuza mkaa anajaribu kutupandishia bei. Mara ya kwanza makande yalitoka kama kokoto. Nilitafuna bila malalamiko kwa meno niliyobakiwa nayo, na Mama Fides akinitazama usoni.

"Yakoje?" akauliza.

"Yana msimamo," nikamjibu.

Alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikaona kwamba lile neno la Jumamosi limeanza kumtoka moyoni.

Kliniki iliyofuata aliingia. Si kwamba aliingia tu. Aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, mimi nikasimama. Daktari Restituta alimwuliza yeye maswali yote: ninakula nini, saa ngapi, nani huniletea nyama ya kuchoma mitaani, ninalala vipi. Niligundua kwamba mke wangu ananijua kuliko faili langu. Kisha Daktari akanifunga mkono, akapima. Akahamia mkono wa pili. Wanafunzi wakainama kuangalia.

Ilikuwa imeshuka. Haikuwa presha ya kijana, lakini ilishuka kuliko siku zote tangu nianze kwenda pale, na dawa zilikuwa zile zile. Uvimbe wa miguu ulikuwa umeanza kupungua; kliniki ya tatu tangu magadi yaondoke nilifika nimevaa viatu vyeusi vya kuendea kanisani, nikarudi nimevivaa. Damu ilipimwa tena, na ile taka ambayo figo hushindwa kuiondoa ilikuwa haijaongezeka. Nikauliza kama imepungua. Zawadi akasema haikupungua, na kwamba katika ugonjwa huu kusimama mahali ulipo ni ushindi wa kupigiwa vigelegele. Mama Fides akalichukua neno lile kwa uzito wake, akapiga kigelegele pale pale kliniki. Mhudumu wa mapokezi alikuja mbio.

Sasa Daktari Restituta huwauliza wagonjwa wote habari ya magadi, tena huwataka waje na wapishi wao. Siku alipotangaza, mzee mmoja mfugaji aliyekuwa kwenye foleni aliuliza kama ugali nao utakatazwa kliniki ijayo, ili ajue mapema. Benchi la nje limebaki tupu, na chumba cha Daktari kimekuwa kama soko.

Wanafunzi wamemaliza muda wao juma lililopita. Siku ya mwisho Elibariki aliomba aeleze ugonjwa wangu tena, tangu kichujio cha kwanza hadi moyo, mbele yangu, mke wangu na wagonjwa wengine waliokuwapo. Hakutumia neno hata moja la kigeni isipokuwa sodiamu, nami nililisamehe. Nilimpa alama zote. Alisema kwamba alipokwenda nyumbani Mbulu alimweleza mama yake habari za magadi, na mama yake akamfukuza jikoni kwa mwiko. Nikamwambia hiyo ndiyo sehemu ya pili ya masomo ya udaktari, nayo haina mwisho.

Basi, Leokadia, jibu lako. Ninakuja.

Daktari ameruhusu, kwa masharti. Tutalala Dodoma, tena tutalala Iringa, na kila basi litakaposimama nitashuka nitembee. Vidonge vitakaa katika mfuko wangu mwenyewe, si kwenye buti la basi. Tutafika juma zima kabla ya harusi ili nipumzike. Mwambie Skolastika avae shela yake bila wasiwasi. Mlango utakuwa na mjomba wake halali. Chakula changu Mama Fides atakipika katika chungu chake peke yake, na ninakuomba uwaeleze shangazi wa bwana harusi mapema, wasije wakadhani tunawaogopa. Ile nyama ambayo mjomba hupewa harusini nitaipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, nitakata kipande, nyingine nitawapa waliokaa jirani. Ndizi zenu nitakula, kwa kuwa vipimo vyangu vya madini yale bado ni vizuri. Lakini kwa kiasi, na wewe usinisukumie.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Daktari aliniuliza habari za wazazi wetu. Nikamweleza jinsi baba alivyovimba uso na miguu mwaka ule wa mwisho, nasi tukasema ni baridi ya shamba la kahawa. Akayaandika yote. Kisha akauliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikakutaja. Akasema upimwe presha, mkojo na damu, hata kama hujisikii vibaya.

Najua utajibu kwamba hujisikii vibaya. Hata makarani wangu hawakulalamika. Nenda kabla ya harusi, katika hospitali ya misheni. Usisubiri nikupeleke kwa mkono mbele ya wageni. Nikishuka kwenye basi nitauliza majibu yako kwanza, kisha ndipo nitauliza habari za mahari. Mimi nilipopandisha presha nilikuwa na mpishi. Wewe unajipikia mwenyewe, mdogo wangu, kwa hiyo ukikutwa nayo hutakuwa na wa kumsingizia.

Nisalimie shemeji yangu na mguu wake. Nisalimie mama yetu mkubwa, umweleze kwa sauti ya juu kwamba sijafa, na kwamba aliyempa habari ile amekosea. Msalimie katekista Ditrick, msimamizi wa Skolastika, umwambie hotuba iwe fupi, maana nitakuwa nimesimama. Watoto wote wa ukoo wapokee marahaba, hata wale wanaosahau kuamkia. Mama Fides anakusalimu sana, naye anasema umtafutie chungu cha udongo chenye tako pana, na mkaa.

Ni mimi kaka yako, mwana wa mama yako,
Dominikus